Mbona vikao vya maoni vya kaunti hugongana kila Mei, na wewe uende kipi?

Tangu 2024 swali hili linaulizwa sana: kama katiba ya Kenya inasema wananchi washirikishwe, mbona vikao vyenyewe vinawekwa siku moja, saa moja, na mtu hawezi kujigawa? Ule mwezi wa Juni vijana walipoingia barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, mpaka rais akakataa kuutia sahihi, pablik patisipesheni ikatoka kwa mawakili ikaingia vibanda vya chai, na ni sawa kabisa, shida ni kwamba watu wengi sasa wanajua wana haki ya kuitwa lakini hawajui ni nani anawaita, kwa kazi gani, na kwa nini wote wanaita kwa pamoja.

Tuchukue wiki ya pili ya Mei, wadi yoyote ya huku pwani. Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti imetangaza itasikiza maoni kuhusu makadirio ya mwaka mpya, Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi wa kijamii. Kamati nyingine ya bunge hilo hilo, tuseme ya maji na mazingira, ina mswada wake, Jumanne saa nne, kwa shule ya msingi iliyo mbali na hapo. Msimamizi wa wadi naye ameletewa barua kutoka makao makuu akusanye watu waseme kuhusu sera ya masoko, Jumanne hiyo hiyo. Chifu ana baraza lake. Na huko Nairobi Bunge la Taifa linapokea maoni ya mswada wa fedha wa nchi nzima. Mama anayeuza samaki hapo stendi ana siku moja tu anayoweza kufunga meza, kama anayo. Afunge kwa ajili ya nani?

Kabla ya kumjibu inabidi tuwatenganishe hawa waitaji, kwa sababu kwenye mazungumzo ya kila siku wote wanaitwa "kaunti" na hapo ndipo mkanganyiko unaanza.

Serikali ya kaunti, yaani gavana, naibu wake, wale tunaowaita mawaziri wa kaunti, na chini yao wasimamizi wa kaunti ndogo na wa wadi, hao ndio wanaopanga na kutumia pesa. Wao wakikuita, mara nyingi wanataka useme mradi gani uingie kwenye mpango: barabara, zahanati, chekechea, kisima. Bunge la kaunti ni wengine. Hao ni MCA, yaani wawakilishi wa wadi, na kazi yao ni kupitisha sheria, kuidhinisha bajeti na kumchunga gavana, na wanafanya hivyo kupitia kamati. Kamati ikikuita tayari kuna karatasi mezani, iwe ni mswada au makadirio, na wewe unaambiwa useme kama uikubali, uikatae au ubadilishe kitu. Chifu si wa kaunti kabisa, ni wa serikali kuu, Wizara ya Usalama wa Ndani, lakini baraza lake linatumika kutangaza mambo ya kila mtu kwa hiyo watu wanamhesabu humo. Halafu kuna kundi ambalo wengi hawajawahi kulisikia, Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo sheria ya fedha za umma ya 2012 inasema kila kaunti iwe nalo: gavana ni mwenyekiti, mawaziri wake wamo, na idadi sawa na hao ya watu wasio wafanyakazi wa kaunti, kutoka kwa mashirika ya wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, kina mama, watu wenye ulemavu, wazee na dini. Hilo linamshauri gavana. Halichukui nafasi yako wewe.

Na kuna tofauti nyingine ndogo lakini inawaponza watu. Kikao cha kamati na kikao cha maoni si kitu kimoja. Kifungu 196 cha katiba kinasema bunge la kaunti na kamati zake zifanye kazi hadharani, mwananchi na mwandishi wa habari wasifungiwe nje isipokuwa spika aone kuna sababu ya kipekee yenye mashiko. Kwa hiyo siku yoyote kamati imekaa inamhoji waziri wa afya unaweza kwenda ukaketi ukasikiza, lakini huna zamu ya kusema. Kikao cha maoni ndicho chenye zamu yako. Watu wengi wamefukuzwa mlangoni wakidhani askari ana haki ya kuwafukuza kumbe hana, na wengine wameingia kikao cha kawaida wakaanza kulalamika kuhusu mtaro wa barabara yao wakatolewa, wakarudi nyumbani wakisema wamenyimwa haki.

Sasa, kwa nini wote Mei?

Jibu la haraka ambalo utalipata kwenye grupu la WhatsApp ni njama, eti wanagonganisha makusudi watu wasije. Siwezi kusema haijawahi kutokea mahali. Lakini hata kaunti yenye watu wasafi kabisa ingegongana Mei, kwa sababu tarehe hazikupangwa na wao, zimepangwa na sheria. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla pesa zianze kutumika. Ripoti ya kuangalia bajeti iliyopita, mwisho wa Septemba. Karatasi ya mkakati wa fedha, ile inayoweka dari ya kila idara, mwisho wa Februari, na bunge lina siku 14 tu za kuipitisha. Makadirio yenyewe, 30 Aprili. Na kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa la sivyo kaunti inaingia Julai haina ruhusa kamili ya kutoa pesa. Ukishatoa hapo wikendi na sikukuu, bunge halibaki hata na miezi miwili, na ndani yake makadirio yanagawiwa kamati zote, kila kamati inaita idara yake, inaandika ripoti, ripoti zinakusanywa na kamati ya bajeti, kamati ya bajeti inasikiza wananchi, inaandika ripoti yake, inapelekwa ukumbini, inajadiliwa, inapigiwa kura.

Ni kama harusi za mwezi wa Shaabani. Hakuna aliyekaa chini akasema tuwakomoe wapishi, ni kwamba Ramadhani inakuja na kila familia inataka kumaliza kabla, kwa hiyo Jumamosi moja mtaa mmoja una harusi tatu, sahani hazitoshi, na shangazi anaamua ni ipi atakwenda kwa kuangalia ni nani atanuna zaidi. Kila familia imekodi ukumbi wake bila kuuliza ya jirani. Hakuna kosa la mmoja, lakini ukiwa wewe ndiye shangazi haikusaidii kujua hivyo.

Na kuna miaka inabana kuliko mingine. 2019 Seneti na Bunge la Taifa walivutana kuhusu mgao wa kaunti mpaka Septemba, ndio wakakubaliana shilingi bilioni 316.5, na 2020 maseneta wakakwama tena kwenye fomyula ya kugawa, nayo ikaisha Septemba. Miaka kama hiyo kaunti inapanga bajeti na pesa haijulikani ni ngapi, kisha inarudi na bajeti ya ziada, na bajeti ya ziada nayo inahitaji maoni, na mswada wa fedha wa kaunti, ule wa ada za soko na leseni na maegesho, unatakiwa upite ndani ya siku 90 baada ya bunge kupitisha mswada wa matumizi, kwa hiyo kina mama wa soko ambao Mei waliitwa kwa bajeti wanaitwa tena Julai au Agosti kwa ada. Hapo ndipo utasikia mtu anasema "si nilishasema?" Alisema, lakini alisema kuhusu kutumia pesa na sasa anaulizwa kuhusu kutozwa, na hakuna aliyemweleza tofauti.

Kitu ambacho watu wengi hawakioni kiko ndani ya bunge lenyewe. Katiba imezipa kaunti zote 47 kazi zile zile, zimeorodheshwa 14 kwenye Jedwali la Nne, kilimo, afya, barabara za kaunti, chekechea, masoko, vileo, mpaka mambo ya wanyama. Kazi ni zile zile iwe kaunti ni Nairobi yenye wadi 85 au Lamu yenye wadi 10. Kwa hiyo kamati za kusimamia kazi hizo zinahitajika kote, lakini Nairobi ina watu wa kuzijaza na Lamu ina kumi waliochaguliwa na wateule wachache juu yao. Matokeo ni kwamba kwenye bunge dogo MCA mmoja yumo kwenye kamati tatu, nne, mwenyekiti huku, mwanachama kule. Kamati mbili zikikaa saa moja, moja inakosa koramu, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa. Ndio maana unaambiwa kikao kinaanza saa nne, unafika, unakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka saa sita, waheshimiwa wanaingia watatu, wengine "wako njiani," na saa saba wanataka kufunga kwa sababu wana kingine alasiri. Ni kero, na kwa mtu aliyepoteza kibarua cha siku ni dharau, lakini mara nyingi ni hesabu tu ya watu wachache na kazi nyingi.

Hili la marupurupu nalo linatajwa kila mara, kwamba vikao ni vingi kwa sababu kila kikao kina pesa. MCA analipwa marupurupu ya kukaa kwenye kamati, ni kweli, na viwango vinawekwa na SRC, ile Tume ya Mishahara na Marupurupu. Kama kuna wanaoongeza vikao kwa ajili hiyo mimi siwezi kuwaapia. Lakini kikao cha maoni cha bajeti hakiwezi kuwekwa kando eti cha kula pesa, sheria inakidai, wakikiruka mtu anaweza kwenda mahakamani akashinda.

Ndani ya bunge yuko wa kuzuia mgongano: kuna kamati ya shughuli za bunge, kuna kamati ya wenyeviti inayoongozwa na spika au naibu wake, na ofisi ya karani. Hao wakitaka, kamati mbili za bunge moja hazigongani wadi moja. Baina ya bunge na ofisi ya gavana ndipo hapana mtu. Kila upande una jukumu lake la kushirikisha umma, una bajeti yake ya vikao, na una ripoti yake ya kuandika ikiwa na karatasi yake ya mahudhurio. Hakuna sheria inayowalazimisha kuonyeshana kalenda.

Hiyo karatasi ya mahudhurio hebu tuiangalie kidogo, kwa sababu ndiyo inayoeleza tabia zao nyingi. Ukiingia tu unakuta meza mlangoni, kijana ana fomu: nambari, jina, kitambulisho, simu, wadi, sahihi. Wengine wanasaini wakidhani ni ya nauli, na mahali pengine kweli kuna nauli kidogo na soda na mkate, kwa hiyo wanaosaini wanaweza kuwa wengi kuliko waliobaki mpaka mwisho. Ile karatasi inashonwa nyuma ya ripoti. Siku kesi ikienda mahakamani ndiyo inatolewa kwanza, pamoja na tangazo la gazeti na picha za watu wamekaa. Ndio maana kila mmoja anataka karatasi yake, hata kama watu ni wale wale, hata kama jana yake tu walisema yale yale kwa upande mwingine. Na pale mbele mezani kuna nakala moja ya makadirio, nene kama msahafu, ya kurasa mia tatu na zaidi, ambayo mwenyekiti anaiinua watu waione kisha anairudisha chini. Hapo ndipo mimi hukasirika kuliko hata kwenye mgongano wa tarehe. Mtu anaweza kukosa kikao na bado akatoa maoni akiwa na karatasi mkononi, lakini akihudhuria vikao vyote vitatu bila kuiona hiyo karatasi atakuwa amepiga makofi tu.

Mahakama zinasema nini juu ya haya? Kesi ambayo kila mtu wa kaunti anaijua ni ya Kiambu. Kaunti ilipitisha sheria yake ya fedha ya 2013, wananchi wakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2014 Jaji Odunga akaifuta kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Alichosema kilikuwa rahisi kueleweka: bunge la kaunti haliwezi kutangaza mara moja gazetini likajiona limemaliza, litumie makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza, redio za lugha za mama, kila njia inayowafikia watu wake. Halafu 2019 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya kampuni ya sigara na Wizara ya Afya, ikaweka mwongozo: ushirikishwaji uwe wa kweli si wa kutimiza ada tu, watu waelewe wanaulizwa nini, wapewe nafasi inayofaa, lakini pia hakuna kipimo kimoja cha kila jambo, inategemea uzito wake.

Kwa hiyo yule anayesema "mimi sikuitwa, kwa hivyo sheria ni batili" anakosea. Mahakama haiangalii kama wewe binafsi uliitwa, inaangalia kama watu walioguswa na jambo walipewa nafasi ya haki kwa ujumla. Na anayesema "vikao viligongana kwa hivyo ni batili" naye bado hajafika, mgongano peke yake si rahisi uangushe kitu kama kulikuwa na njia nyingine ya kusema, kwa mfano muda wa kuleta maoni kwa maandishi. Lakini mgongano pamoja na notisi ya siku mbili, pamoja na karatasi isiyopatikana, pamoja na ukumbi wa ghorofa ya pili usio na njia ya mtu wa kiti cha magurudumu, hapo unajenga kesi. Notisi yenyewe watu huniuliza ni siku ngapi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 haitaji siku, inasema tu habari zipatikane kwa wakati na watu wafikiwe kwa njia inayofaa. Kaunti kadhaa zina sheria zao za ushirikishwaji, ya kwenu ndiyo ya kuangalia.

Halafu kuna mgongano ambao hauko kwenye notisi yoyote. Msimu wa bajeti, Aprili mpaka Juni, ndio msimu wa masika, na baharini ndio kusi inaanza kuvuma. Anayetoka Kiunga au Faza, huko kaunti ya Lamu, kwenda Amu mjini kusema maoni yake anakwenda kwa boti, na kusi ikichafuka boti ndogo haziendi, au zinakwenda na wewe unasoma dua njia nzima. Tana River mto ukifurika barabara zinakatika, 2024 mafuriko yale ya Aprili na Mei yalipokuwa watu wako kambini na matandiko yao, ni nani angekwenda kusikiza makadirio? Kule Ganze na Magarini ndio wakati wa kupanda, mvua ikinyesha huwezi kumwambia mkulima aache jembe. Na ukiweka Ijumaa saa sita kwa mtaa wa Waislamu umeshafunga mlango mwenyewe, sawa na Jumamosi kwa Wasabato. Hii si hitilafu ya kalenda moja kugonga nyingine, ni kalenda ya sheria kugonga maisha, na sheria ilishaandikwa, haitabadilika kwa sababu ya kusi. Kinachoweza kubadilika ni wapi kikao kinaenda. Kamati ikigawanyika watatu watatu ikaenda Faza yenyewe badala ya kuwangoja Amu, tatizo limepungua nusu.

Watu wengine wanapendekeza bunge na gavana wafanye kikao kimoja, tumalizane. Inavutia ila mimi siiungi mkono nzima nzima. Bunge kazi yake ni kumchunga gavana. Ukiwaweka meza moja, yule mzee anayetaka kuuliza kwa nini kisima cha mwaka jana kiko kwenye ripoti lakini hakiko kijijini, anamuuliza MCA huku waziri anamwangalia machoni na msimamizi wa wadi anaandika jina lake. Wengi watanyamaza. Lakini kukaa meza moja ni jambo moja na kupatana tarehe ni lingine. Tarehe za sheria ya fedha za umma zinajulikana tangu 2012, hakuna mwaka 30 Aprili iliwahi kumshtua mtu, kwa hiyo ofisi ya karani na ofisi ya fedha ya kaunti zikikaa Januari zikagawana wiki za Mei, wadi hii wiki hii ni ya bunge, wiki ile ni ya serikali, hakuna katiba inayovunjwa. Kisingizio cha "ilikuwa dharura" kwa kitu kinachokuja kila mwaka tarehe ile ile sikielewi.

Turudi kwa mama wa samaki na Jumanne yake. Akiniuliza mimi, aende kwa kamati ya bajeti. Si kwa sababu maji hayana maana, ni kwa sababu makadirio yana tarehe ya mwisho isiyosogea na mswada wa maji unaweza kusogezwa, na kama pesa ya maji haimo kwenye makadirio mswada mzuri utabaki karatasi. Vikao vya gavana vya kuchagua miradi vina uzito zaidi Julai na Agosti, mpango wa mwaka ukiandikwa, kuliko Mei ambapo mambo yameshapangwa na unaletewa tu uone. Anayetaka barabara iingie kwenye bajeti akaja Mei akiwa ndio mara yake ya kwanza, amechelewa karibu mwaka, na hili nadhani ndilo watu hawaambiwi kabisa.

Kwa vikao viwili vilivyobaki aandike. Maoni ya maandishi yana uzito ule ule na ya kusimama na kusema, wala hayahitaji wakili wala Kiingereza, Kiswahili ni lugha rasmi kwa Kifungu 7 na karani hana ruhusa ya kukurudishia barua eti haijatafsiriwa. Ukurasa mmoja unatosha. Kama aliyeita ni kamati ya bunge, juu andika kwa Karani wa Bunge la Kaunti, taja mswada au makadirio unayozungumzia kwa jina lake lote, taja kifungu au ukurasa, sema unataka kibadilishwe kuwa nini, toa sababu mistari mitatu, minne, jina, wadi, sahihi. Usiandike "tunaomba serikali itujali," hiyo hawana pa kuiweka kwenye ripoti. Andika "ada ya meza ya samaki ipunguzwe kutoka kiasi hiki hadi hiki," hiyo wana pa kuiandika kwenye ripoti, wameikubali au wameikataa. Mkiwa ishirini kwenye chama cha akiba na mkopo, sainini wote, mmoja apeleke. Peleka nakala mbili, moja wapige muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo ya muhuri usiipoteze, ndiyo karatasi yako ya mahudhurio.

Na mgongano wenyewe ulalamikie kabla ya siku, si baada. Mtu akiona notisi mbili za siku moja aandike barua fupi kwa karani siku hiyo hiyo, ataje notisi zote mbili, aombe tarehe nyingine au muda wa maandishi uongezwe, na nakala kwa MCA wake. Nakala za makadirio aombe kwa sheria ya kupata habari ya 2016, wana siku 21 za kujibu, kwa hiyo ukiomba tarehe 10 Mei unaweza kujibiwa Mei ikiisha, omba tarehe 2 mara tu yanapofika bungeni. Ripoti ya kamati ikitoka, nenda moja kwa moja nyuma kwenye viambatisho, tafuta jina la wadi yako, uone walioandikwa ni kina nani na walisema nini, na kama barua yako yenye muhuri haimo, sasa una kitu cha kumwonyesha spika, na baada ya spika, mahakama.